Kila Aliyevaa Nyeupe Si Daktari: Tuielewe Kazi ya Muuguzi

Jirani yangu mmoja hapa Chake Chake alinisimamisha tulipotoka kusali alasiri, mkononi ana barua ya chuo. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi na ukunga, na mzee hakujua afurahi au anune. "Wengine wananipa pole," akasema. "Wananambia mtoto anakwenda kuwa mtumishi wa madaktari. Wengine wanasema heri, atasoma kisha atakwenda zake Ulaya. Mwengine kaniuliza kwa nini nisimuache arudie mitihani apate udaktari. Wewe dada yako ni nesi. Hebu nieleze, mwanangu, hii ni kazi gani hasa?"

Swali la mzee huyu ni la wengi. Tukifika hospitali, kila aliyevaa nyeupe tunamwita daktari. Akitukera, ndipo anapokuwa nesi. Siku hizi zimezidi na video za simu: mtu humrekodi muuguzi akifoka, na kabla ya magharibi mtaa mzima umeshahukumu. Ukiwauliza hao wanaohukumu muuguzi anafanya nini akiwa kazini, jibu linaishia kwenye sindano.

Tuanze na jina lenyewe, maana lugha yetu imeshafanya nusu ya kazi. Mtu huugua, na anayekaa naye akamtunza humuuguza. Huyo ndiye muuguzi. Mkunga ni mtaalamu wa mimba, kujifungua na siku za mwanzo za mama na kichanga chake. Vyuo vyetu vingi hufundisha yote mawili pamoja, ndiyo maana dada yangu leo yuko wodi ya wazazi na mwakani anaweza kupangwa wodi ya wanaume.

Wapo pia wanaochanganywa na hawa. Mkunga wa jadi, aliyewazalisha bibi zetu, alijifunza kwa wazee wake na hana leseni. Afisa tabibu humchunguza mgonjwa na kumwandikia dawa, lakini njia yake ya masomo ni nyengine. Wale wanaojitolea kupita nyumba kwa nyumba katika shehia, wakiuliza habari za chanjo na kliniki, ni wahudumu wa afya wa jamii. Na anayepiga deki wodini ana kazi yake muhimu, ila usimuombe akupime presha.

Kuanika karafuu

Nilimwambia mzee aifikirie karafuu, kwa kuwa ana mikarafuu yake. Mchumaji hupanda juu, huteremsha vichane, na jioni amekwisha kazi. Karafuu zimeshachumwa, lakini hazijawa mali. Zitachambuliwa, zitaanikwa kwenye majamvi, na kwa siku nne au tano za jua lazima awepo mtu wa kuzitazama. Anazigeuza. Anaangalia wingu linalotoka baharini. Anazikusanya kabla tone la kwanza halijaanguka, jioni anazifunika, asubuhi anazitandaza upya. Akizubaa mara moja tu, karafuu nzuri zinageuka mpeta na jasho la mchumaji limepotea.

Daktari hupita kitandani, humchunguza mgonjwa, huamua ugonjwa ni nini na dawa ipi itumike. Uamuzi huo una uzito mkubwa na umegharimu miaka ya kusoma. Baada ya hapo zinabaki saa ishirini na kitu za siku ile, na katika saa hizo mgonjwa anaweza kupata nafuu au kuzidiwa. Anayekaa naye muda huo wote, akijua nini cha kutazama, ni muuguzi.

Hilo la kujua nini cha kutazama ndilo linalosomewa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Chukua mgonjwa aliyepumua mara 16 saa 2 usiku, mara 22 saa 4, na mara 28 saa 6. Hajalalamika, hajaita mtu, pengine amefumba macho na jamaa zake wanashukuru kwamba amepata usingizi. Muuguzi anaona kitu kingine kabisa: mwili unahangaika kutafuta hewa, na ukiachwa utachoka. Pumzi mara nyingi hubadilika kabla ya dalili nyingine hazijajitokeza. Dada yangu huihesabu dakika nzima huku bado ameshika kifundo cha mkono, mgonjwa akidhani anapimwa mapigo ya moyo, kwa sababu mtu akijua pumzi yake inahesabiwa huibadilisha bila kutaka.

Haya si ya kusimuliwa tu. Mama yangu alipolazwa kwa homa ya mapafu, sisi watoto wake tulikaa pembeni tukinong'ona kwamba leo amelala vizuri. Akaja muuguzi kijana, mwanamme, akasimama kitandani kimya, akatazama saa yake, kisha akatoka mbio kumwita daktari na kurudi na oksijeni. Hakuchoma sindano yoyote. Alihesabu. Mama bado yupo, na kila Idi anamtaja kijana yule kwenye dua zake ijapokuwa jina lake hatukulijua.

Wodi ya wazazi ni vivyo hivyo, ila saa huko inakwenda mbio zaidi. Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na mama akiwa kwenye uchungu mkunga huyasikiliza kila nusu saa, na mara nyingi zaidi mtoto anapokaribia kutoka. Mtoto akizaliwa bila kulia, dakika 1 ya mwanzo ndiyo ya kumkausha, kumsugua mgongo na, ikibidi, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Wakati huohuo mama naye anatazamwa damu. Ikipita nusu lita ni hatari, na mkunga hangoji kuambiwa: anaukanda mfuko wa uzazi ukaze, anachoma oksitosini, dawa ya kuukaza, anaita msaada. Wazee walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwa mjamzito wa kisiwa cha Kojani au Fundo, ambaye lazima avuke maji kwa mashua kabla hajaona gari, methali hiyo ina uzito wa kweli.

"Si msaidizi wa daktari tu?"

Dhana hii ndiyo iliyomsumbua jirani yangu zaidi. Ni kweli kwamba muuguzi hutekeleza maagizo ya daktari. Ila kila dozi inayopita mkononi mwake analazimika kuihakikisha: mgonjwa ni huyu, dawa ni hii, kiasi ni hiki, njia ni hii, wakati ni huu. Dawa za watoto hupimwa kwa uzito wa mwili. Daktari aliyechoka akiandika kipimo cha mtu mzima kwa mtoto wa kilo 9, muuguzi anayeujua wajibu wake haitoi dawa ile. Anarudi kuuliza. Mtumishi hutii na basi. Huyu amefundishwa kuhoji, na akitoa dawa isiyo sahihi hawezi kujificha nyuma ya mwandiko wa mwenzake.

Wala si daktari aliyefeli. Mtu hufika kwenye uuguzi kwa njia yake mwenyewe. Msingi ni masomo ya sayansi ya kidato cha nne, hasa bayolojia na kemia. Stashahada kwa kawaida huchukua miaka 3. Shahada huchukua miaka 4, na baada yake mwaka 1 wa mafunzo kazini. Hapa Zanzibar chuo kinachojulikana zaidi ni kile cha Mbweni, ambacho sasa kiko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Mbele zaidi yapo matawi: chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi, afya ya akili, watoto wachanga, nusu kaputi, ualimu wa vyuoni. Muuguzi anaweza kufika shahada ya uzamivu akabaki muuguzi, na madaktari wakawa ndio wanafunzi darasani kwake.

Jambo moja dogo linawachanganya hata wahitimu. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake ya afya na baraza lake la wauguzi na wakunga, Bara ina lake. Kwa hiyo cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Mhitimu husajiliwa na baraza la pale anapofanya kazi, na akivuka kwenda Dar es Salaam kuajiriwa, aulize kwanza taratibu za huko.

Lipo pia neno la kuwa hii ni kazi ya kizungu isiyomfaa binti wa Kiislamu. Wanaolisema humtaja Florence Nightingale, Mwingereza aliyeanzisha skuli ya wauguzi London mwaka 1860, na ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Mchango wake hauna shaka. Lakini zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, Madina, Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema la kutibia majeruhi, na sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, ndani ya hema la Rufaida ndimo alimolazwa. Anayetaka kumzuia binti yake kwa jina la dini aanze na habari ya bibi huyu.

Na wanaume? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilionesha kwamba karibu wauguzi 9 kati ya 10 duniani ni wanawake, kwa hiyo mazoea yetu yana chanzo. Hata hivyo mzee wa kiume anayehitaji kuogeshwa kitandani hufarijika akihudumiwa na mwanamme mwenzake, na mama anayejifungua wengi wetu tungependa ahudumiwe na mwanamke. Heshima hiyo ya wagonjwa wetu haiwezi kutunzwa kama wodi zina jinsia moja tu.

Dripu na daftari

Malalamiko mawili nayasikia kila nikikaa barazani. La kwanza: "Nimemuomba dripu, kakataa." Watu wanaiamini dripu kama chakula cha nguvu. Ile ya chumvi, inayotumika sana, ni lita 1 ya maji yenye gramu 9 za chumvi. Ile ya sukari ya kawaida ina gramu 50 za sukari kwa lita. Ni dawa ya kuokoa maisha kwa anayeharisha hadi hawezi kunywa, au aliyepoteza maji na damu. Kwa anayeweza kunywa uji na maji ya dafu haiongezi lolote, na kwa mgonjwa wa moyo au figo maji ya ziada yanaweza kujaa mapafuni. Muuguzi anayekataa kukutundikia bila agizo anakulinda.

La pili: "Kazi yao kuandika tu." Zamu hubadilika mara mbili au tatu kwa siku, na anayeingia usiku hakuwepo mchana. Kama haikuandikwa kwamba sindano ya saa 8 imeshachomwa, anayekuja ataichoma tena au ataiacha akidhani imechomwa. Mwisho wa zamu wauguzi wawili hupita kitanda kwa kitanda na daftari lao, mmoja anakabidhi, mwengine anapokea. Katika dakika hizo chache, kumkatisha mmoja wao kwa swali la funguo za choo kunaweza kuwa na gharama.

Ukali wao

Sasa nifike kwenye ule ukali, maana nisipousema mtaniona natetea ndugu.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Chukua wodi ya wagonjwa 30 yenye muuguzi 1 usiku, zamu ya saa 12. Saa 12 ni dakika 720. Ukizigawa sawasawa, kila mgonjwa anapata dakika 24 kwa usiku mzima. Sasa mmoja wao ni mzee aliyepooza, na asipogeuzwa kila baada ya saa 2 mgongo utachubuka vidonda. Kumgeuza ni mara 6, dakika 5 kila mara: nusu saa imeshakwenda, imepita fungu lake, na hajapewa dawa wala hajapimwa kitu. Alichozidishiwa yeye kimetoka kwa wengine. Ongeza mgonjwa mpya anayeletwa saa 8 usiku, ongeza anayezidiwa. Ndipo jamaa wa kitanda cha 17 anapokuja mara ya tatu kuuliza mbona chandarua kimetoboka.

Halafu tupo sisi wenyewe. Kumjulia hali mgonjwa kwetu ni ada na ni ibada, na hilo sitaki tulipoteze. Lakini tunakwenda watu 12 kwa kitanda kimoja, na watoto, na vikapu, na muda ukiisha tunataka dakika 5 tena. Muuguzi anayetutoa tunamuona hana adabu, ijapokuwa anayetolewa nje kwa kelele zetu ni usingizi wa mgonjwa wa jirani.

Nasema haya bila kumfichia mtu makosa. Mama aliye kwenye uchungu hana pa kukimbilia, na kumtukana ni kumdhulumu. Uchache wa watumishi hauhalalishi hilo, na anayefanya hivyo ashtakiwe kwa wakubwa wake na kwa baraza lake. Ninachokikataa ni kudhani kwamba tukimfukuza mmoja tabia itakwisha, huku aliyebaki tumemwachia wodi mbili.

Uchache wenyewe si wa kwetu peke yetu. Ripoti ile ya 2020 ilikadiria kwamba wakati ule dunia ilikuwa na wauguzi milioni 27.9 na ilipungukiwa na wengine milioni 5.9, na karibu 9 kati ya kila 10 ya pengo hilo lilikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, kama yetu. Nchi tajiri nazo zinatafuta, na hapo ndipo linapoingia lile la Ulaya. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Maana yake ni kwamba nchi nyengine hazitakiwi kuja kuwavuna wauguzi wetu kwa makundi. Haimzuii muuguzi mwenyewe kuomba kazi nje kwa hiari yake, ila atapitia mitihani ya lugha na usajili wa nchi anayokwenda. Kwa hiyo mtu akija kijijini akisema ana nafasi 40 za manesi Uingereza na kila mmoja alipe kwanza, fungeni mlango.

Kinachomchosha na kinachombakisha

Dada yangu ana mgongo unaouma kwa kuinua watu. Amewahi kujichoma na sindano iliyotumika, akala dawa za kinga za virusi vya ukimwi kwa siku 28. Dawa hizo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Mwezi ule alikuwa mkimya ndani ya nyumba hadi majibu yalipotoka. Ramadhani nyingi amefuturu kwa tende mbili akiwa amesimama, na Idi amewahi kuisikia takbira zake kupitia dirisha la wodi.

Lakini akiulizwa kizito zaidi ni kipi, hataji hayo. Husema ni kumfumba macho maiti, kumnyoosha viungo, kuwaita watu wake, kisha kugeuka kitanda cha pili na kumuuliza mgonjwa, kwa sauti ileile ya jana, kama amekula. Mtu huyo wa kitanda cha pili hastahiki kubebeshwa msiba usio wake. Hili chuoni hufundishwa kwa maneno, na uzoefu wake ni kitu kingine. Naona wauguzi wetu wanahitaji mahali pa kuyatua haya, kwa mshauri nasaha anayelipwa kwa kazi hiyo, badala ya kuachiwa wayameze wenyewe.

Na kinachombakisha? Mshahara wa serikalini unakuja, si mkubwa, unasaidia nyumba. Ajira huwa haipatikani upesi kama watu wanavyodhani. Wapo wahitimu wanaosubiri huku wodi zina upungufu, na hilo linaniuma kila nikilifikiria. Ila sijamsikia hata siku moja akitamani kazi nyengine. Ana kisa cha mwanamke wa sukari aliyekuja kliniki Shaabani moja kuuliza afunge vipi na sindano yake ya insulini. Wakakaa naye, wakapanga pamoja na daktari saa za kuchoma na kiwango cha sukari ambacho akikifikia afungue, na Ramadhani ile hakulazwa. Hakuna aliyepiga picha. Dada alirudi nyumbani akaimba jikoni.

Mzee alinisikiliza mpaka jua likaegemea minazi. Mwisho akaikunja ile barua, akauliza kitu kimoja: kabla binti hajaondoka, amnunulie nini? Nikamwambia viatu vya kufunga, visivyoteleza, na saa yenye mshale wa sekunde. Iwe ya kubandika kifuani, si ya mkononi, maana mikono itakuwa inaoshwa mchana kutwa.

Akaniuliza kama saa hizo Chake zinapatikana.